Tuliwaacha Wapumzike

Jumapili, 10 Agosti

Kabati la shule lina madaftari mapya mia moja na arobaini, na watoto tuliobaki nao ni tisa. Mimi mwalimu wao nimejichukulia moja. Sioni kama ni wizi. Nikiyaacha yataliwa na panya. Nataka kuandika mambo ya muhula huu kwa sababu huenda ukawa wa mwisho, na kwa sababu tangu Halvard wangu afariki sina mtu wa kumlalamikia jioni.

Barua ya halmashauri ilikuja mwezi wa tano. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Shule ya Lomvik ikiwa na watoto kumi na wawili siku ya tarehe kumi Novemba, itabaki. Wakiwa kumi na mmoja, inafungwa mwakani, na watoto watapanda basi, kisha kivuko, kwenda ng'ambo ya pili ya maji, zaidi ya saa nzima kwenda na zaidi ya saa nzima kurudi. Kiwanda cha mablanketi kilifungwa, tukanyamaza. Benki ikaondoka, tukanyamaza. Zahanati ikahamishwa, tukanyamaza vilevile. Lakini shule ikienda, wenye watoto wataifuata, na hapa tutabaki wazee na kondoo.

Tegemeo letu ni Eilert Brandvold. Alikuja Februari, tajiri aliyeuza kampuni yake ya lifti huko mji mkuu. Hapa Lomvik jengo refu kuliko yote ni mnara wa kanisa, basi Torgunn wa dukani akambandika jina siku hiyohiyo: Bwana Lifti. Amenunua hoteli iliyokufa, amenunua duka la zamani la viatu, amenunua nyumba tatu zilizokuwa mahame. Ile nyekundu, jirani na kaka yangu Jostein, ameikarabati mpaka bomba la mwisho, na ameitafutia watu: Waholanzi, mume na mke na watoto watatu, wakae bure mwaka mzima. Tisa na watatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

Miezi yote ile nilikuwa namcheka huyu bwana. Sasa namwombea.

Jumanne, 12 Agosti

Mkutano kwenye jumba la jamii. Mimi ni katibu mwaka wa kumi na tisa huu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na hakuna mwingine anayeitaka kazi yenyewe.

Eilert alisimama akiwa amechangamka kama mtu aliyepata mjukuu. "Jamani, nina zawadi yenu. Nasikia kila Jumamosi ya mwisho ya Agosti mnakuja hapa wote, wazee kwa vijana, mnafanya msaragambo. Mnapaka rangi, mnapanda paani, mnazibua mifereji. Mwaka huu pumzikeni! Nimeita kampuni kutoka mjini, itafanya kila kitu kwa gharama yangu. Nyinyi kaeni na familia zenu. Kuna mwenye neno?"

Tuliangalia vikombe vyetu. Jostein alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari wala maziwa. Mchungaji wa kanisa letu aligundua kitu kwenye kucha yake.

"Basi tumekubaliana!" alisema Eilert, akapiga makofi peke yake.

Loo! Huyu mtu anadhani tunakuja pale kwa ajili ya rangi. Mji huu hatutembeleani. Mama yangu na mama yake Torgunn walikuwa majirani miaka arobaini, na sidhani kama walishawahi kunywa kahawa kwenye jiko la mmoja wao. Mtu tunamjua akishika brashi. Mgeni akihamia tunamwacha mpaka siku ya msaragambo, tunampa ngazi, na jioni inapofika anajua majina yetu yote na nani ana mgongo mbovu. Halvard mwenyewe nilimpata juu ya paa la jumba lile, ananipitishia misumari.

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Niliandika kwenye kumbukumbu: "Hakuna aliyepinga."

Tulipotoka Torgunn alinivuta mkono. "Na wewe mbona umeufyata? Mdomo wako si ndio unaosifika mji mzima?"

"Na wako je?"

"Mimi nina duka, mwenzangu. Yule ndiye anayenunua jibini ya bei."

"Na mimi nataka watoto wake watatu," nikamwambia. "Sitaki kumuudhi kabla hawajafika."

Jumamosi, 16 Agosti

Wamefika. Lori moja, gari moja, mvua ya kumwaga. Mji mzima ulikuwa nyuma ya mapazia. La mchungaji lilitikisika, la Torgunn lilitikisika, na nisijifanye mtakatifu, langu lilitikisika kuliko yote. Mke anaitwa Femke, mrefu, kofia ya njano. Alisimama barabarani kwenye mvua, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu aliyekuja harusini akakuta amekosea tarehe. Halafu akalipungia mkono dirisha la Jostein.

Nilimpigia simu kaka yangu. "Umemwona anakupungia?"

"Nimemwona."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi nyuma kidogo."

"Jostein!"

"Wametoka safari ya siku mbili, dada. Waache wapumzike."

Nikaona ana haki. Ndivyo tunavyofanya.

Jumatatu, 18 Agosti

Kumi na wawili! Joris miaka kumi na mmoja, Lotte miaka tisa, Bram miaka sita. Lugha yetu wanaiokoteza vizuri. Walijifunza miezi kadhaa kabla ya kuja. Nimeita majina mara mbili, mara ya pili kwa raha yangu tu.

Jumatano, 20 Agosti

Mvua.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua. Bram ameniuliza kama hapa watu wapo. Nikamwambia wapo wengi tu, mia mbili na arobaini. Hakuniamini.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Kampuni ya mjini ilileta vijana sita na mashine ya kunyanyua watu, na kufika saa nane mchana jumba lilikuwa jeupe kama jino. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Sisi tulikuwa tunapitapita mbele yake mikono mifukoni, tukijidai tunakwenda mahali. Jostein alikuja na brashi yake ndani ya koti, "basi tu, huenda wakahitaji mtu." Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, toka chini ya ngazi."

Nikiwa ng'ambo ya barabara nikawaona Waholanzi wanakuja, wote watano, wamevaa nguo kuukuu, watoto na ndoo. Kumbe Eilert aliwaandikia habari za siku hii kabla hawajahama, na hakukumbuka kuwaambia kwamba ameifuta. Femke alisimama akiangalia ile mashine. Akaniona. Mimi nimevaa koti la Jumapili, ningemwambia nini? Nikainamisha kichwa kumsalimu. Naye akainamisha. Wakageuka na ndoo zao.

Ningevuka barabara. Ni hatua kumi.

Jumapili, 7 Septemba

Nitakwenda kuwaona wiki hii.

Jumapili, 14 Septemba

Siku mbili za kuteremsha kondoo kutoka milimani. Kila mwenye miguu yuko juu. Wouter, mume wa Femke, alisimama uani kwake siku zote mbili akiangalia watu wanapanda na mbwa, wanashuka na kondoo. Jioni nikamwandama Jostein.

"Jirani yako ungemchukua."

"Nimchukue vipi? Hajaomba."

"Hajui kama inaombwa!"

"Akiteleza je? Mtu wa nchi tambarare. Nisimsumbue bwana wa watu." Alivua viatu, akafikiri sana, ndipo akaongeza, "Ila ana buti nzuri."

Kwa Jostein hiyo ni sifa kubwa. Mkewe aliishi naye miaka ishirini akapata kama mbili za namna hiyo.

Jumatatu, 22 Septemba

Niliwapa insha: Majirani Zangu. Hii ni ya Lotte, nainakili bila kusahihisha.

"Jirani yetu ni kondoo arobaini na sita. Nimewahesabu. Mmoja ana sikio moja. Mtu wao anatoka saa kumi na mbili asubuhi na tochi. Sijui jina lake. Mama anasema tusimwite kwa sababu labda hapendi. Mama anazungumza na kondoo wa sikio moja."

Nilimpa alama zote. Halafu nikaingia stoo ya chaki nikakaa huko kidogo.

Ijumaa, 26 Septemba

Upepo. Kivuko hakikuja.

Ijumaa, 3 Oktoba

Torgunn amenisimulia akiwa anapanga makopo, hataki kuniangalia. Femke alikuja dukani hakuna mteja mwingine. Akasimama pale kwenye malipo muda mrefu.

"Akaniuliza, 'Wewe unakaa wapi?' Nikamwambia, juu. 'Juu wapi?' Juu ya duka. Akasubiri. Nami nikasubiri. Halafu nikamuuliza kama anataka mfuko."

"Kama anataka mfuko!"

"Usinicheke, Oddlaug. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia karibu. Ulimi ukawa mzito kama umefungiwa jiwe. Wewe umeshamwambia karibu?"

Nikanunua mishumaa nisiyoihitaji.

Alhamisi, 9 Oktoba

Watoto walipokwisha kuondoka Eilert aliingia darasani, akakaa kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yakamfika kidevuni. Zamani nilikuwa namwona amejaa majivuno. Leo nimeona mwanamume aliyechoka, soksi zake hazifanani.

"Mwalimu, niambie ukweli. Femke amenipigia simu analia. Nyumba ina joto. Paa halivuji. Nimewapa gari. Nimesahau nini?"

"Hujasahau kitu."

"Basi kuna nini?"

Sijui kwa nini leo mdomo ulifunguka. Labda ni zile soksi. Nikamwambia jambo ambalo mji mzima haujawahi kumwambia: hapa watu wakiangalia vikombe vyao, jibu ni hapana.

"Kwa hiyo ule mkutano wa Agosti..."

"Ilikuwa hapana."

"Ya watu wangapi?"

"Wote."

"Na wewe ukaandika hakuna aliyepinga!"

"Hakuna aliyepinga."

"Mungu wangu, nyinyi watu!" Akaangua kicheko mpaka akatoa leso, na kicheko kikaishia humo ndani ya leso. "Miezi minane. Kila nililowauliza mlikaa kimya. Hoteli. Taa za barabarani. Ile sanamu ya pale gatini."

"Sanamu ilikuwa hapana kubwa."

Nikamweleza habari ya msaragambo, na paa, na misumari ya Halvard. Akaruka juu, kile kiti kikanyanyuka naye. "Basi tufanye sasa! Jumamosi hii!"

"Jumba lina rangi mpya."

"Tulichafue!"

"Watu hawatapaka ukuta uliokwisha kupakwa, Eilert. Watajiona vichekesho. Kazi ya kujifanya hatuiwezi."

"Basi kingine. Kitu gani kimeharibika hapa mjini?"

Nilifikiri, tena kwa nia njema kabisa. Daraja dogo alilitengeneza Aprili. Ua wa makaburini, Mei. Gati, Juni. Sikupata hata kitasa.

"Basi wewe nenda," akaniambia, na sauti yake haikuwa ya tajiri. "Gonga mlango tu. Wewe ni mwalimu wa watoto wao. Nakuomba."

Nikamwahidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepika chapati za viazi ishirini, siagi na sukari, nimezikunja na kuzifunika kitambaa. Nimevaa koti, nimelivua, nimelivaa. Nikapiga moyo konde nikatoka saa kumi na moja jioni, giza linaanza kuingia.

Jikoni kwao taa ilikuwa inawaka. Wao hawana mapazia, unaona kila kitu. Hilo nalo lilitutisha tangu mwanzo, maana unapita hujui uweke wapi macho. Nilifika mpaka ngazi ya mwisho. Mkono nilikuwa nimeshaunyanyua. Ndipo nikamsikia analia. Hakuwa analia kwa fujo, alikuwa analia kama mtu anayeosha vyombo huku analia, na vyombo nikavisikia pia.

Mtu akilia humgongei. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Unamwacha, anajikusanya, kesho mnaongea mambo ya hali ya hewa, naye anakushukuru moyoni kwamba hukuona. Nilisimama pale sahani mkononi. Nikajiambia gonga, Oddlaug, gonga wewe mjinga. Nikajiambia atafedheheka. Nikageuka, nikashuka kwa ncha za vidole ili zile mbao zisilie.

Mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa, nimetoroka na chapati kama mwizi. Nina hasira na nafsi yangu kiasi kwamba siwezi kuketi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekula chapati.

Alhamisi, 16 Oktoba

Chapati. Mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Theluji imeonekana vileleni. Wouter na Femke hawakuja mkutano wa wazazi. Mimi nilitaka kuwaambia kwa mdomo, lakini nilikuwa nimewapelekea karatasi ili nisiwasumbue.

Jumanne, 21 Oktoba

Amekuja yeye. Aligonga mlango wa darasa, akaingia, akakaa mbele yangu bila kuambiwa keti. Alikuja na ile kofia yake ya njano, ameibana mapajani.

"Mwalimu, tunaondoka. Tarehe moja."

Nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote. "Nyumba ina tatizo?"

"Nyumba ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Wiki tisa, mwalimu. Kengele ya mlango imelia mara tatu, na mara zote tatu ni Eilert."

"Tulikuwa tunawaacha mpumzike."

"Tupumzike kutokana na nini?"

Nikapanga chaki mezani.

"Nimekuwa nikijiuliza tumewakosea wapi. Nikadhani labda ni kelele za watoto. Labda ni gari. Labda mna hasira kwamba tumepewa nyumba bure na nyinyi mmelipia zenu. Wouter alikwenda kuangalia wale kondoo siku mbili, akasubiri mtu amwambie njoo. Mtu mzima! Aliporudi ndani alikuwa na haya kama mtoto aliyeachwa nje ya mchezo."

"Femke, watu wanawapenda."

"Nani?"

"Kaka yangu Jostein amesema mumeo ana buti nzuri."

Nilijisikia nikisema. Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgonjwa anayekwambia leo yuko vizuri.

Ningemwambia habari ya ile sahani. Ningemwambia nilifika mpaka mlangoni mwako, nikakusikia. Lakini nilikuwa nimeingiwa na hofu nyingine, na ndiyo iliyozungumza. Nikamwambia habari ya tarehe kumi Novemba. Nikamwomba siku kumi. Siku kumi tu, kisha waende kwa amani.

Akasimama. Hakupandisha sauti. "Watoto wangu unawahesabu tu," alisema.

Na kweli, tangu Agosti ndicho nilichokuwa nikifanya.

Ijumaa, 24 Oktoba

Eilert amemwahidi Wouter kazi hotelini. Amemwahidi Femke chumba cha duka la viatu afungue chochote apendacho. Wamemshukuru, wamekataa, Wouter amerudishiwa kazi yake kwao, watoto wana nafasi shuleni kuanzia tarehe tatu. Mambo yameshapangwa.

Halafu akapita nyumba kwa nyumba, nyumba sitini, akiomba watu waende kuwaona. Kila mtu alimsikiliza mlangoni na kuitikia kwa kichwa kwa adabu. Torgunn anasema alipofika kwake alikuwa amelowa chapachapa, na hakuna hata mmoja aliyemkaribisha ndani.

"Wewe ulimkaribisha?"

"Nilimpa mwavuli," alisema Torgunn, akaanza kulia pale pale kwenye mizani.

Jumanne, 28 Oktoba

Hakuna aliyekwenda. Sasa watakwenda kumwambia nini mtu anayefunga mizigo? Mimi pia sijaenda.

Jumamosi, 1 Novemba

Wiki kumi na moja kamili.

Lori lilikuja saa tatu asubuhi, dereva peke yake, na mgongo mbovu. Nilisema angalau nitabeba maboksi, hilo naliweza. Nilipofika nikamkuta Jostein ameshasimama uani na kamba begani na glovu, anaongea na dereva habari ya uzito. Nyuma yangu akaja mchungaji na mkokoteni. Torgunn akafunga duka, yeye ambaye hajafunga Jumamosi tangu mazishi ya baba yake, akaja na birika mbili za kahawa na mikate iliyopakwa jibini ya kahawia. Hakuna aliyeitwa. Kufika saa nne tulikuwa zaidi ya thelathini, na hakuna aliyeuliza aanzie wapi.

Sijui nieleze vipi. Mji ulifunguka. Watu ambao kwa wiki kumi na moja hawakuweza kusema hujambo walikuwa wanapiga kelele ngazini.

"Shika huko chini! Chini, si kwenye goti langu!"

"Kabati hili mmejaza mawe ya Uholanzi?"

"Uholanzi hakuna mawe, bwana, ni vitabu!" alijibu Wouter, na watu wakacheka, na yeye akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Ni cha juu, kama cha Bram.

Eilert alikuwa upande mmoja wa godoro kubwa, Torgunn upande wa pili, wamekwama kwenye kona. "Kulia, Bwana Lifti, kulia! Umeuza lifti maisha yako yote hujui kushusha godoro!" Akashtuka kidogo, maana jina hilo hakuna aliyewahi kumwita usoni. Halafu akacheka mpaka akaliachia. Jostein akamtupia glovu. "Vaa, utachubuka."

Kisha kaka yangu, wakiwa wameshika meza yeye na Wouter, akauliza, "Jina lako hasa linatamkwaje?"

"Wouter."

"Mimi Jostein."

"Najua. Limeandikwa kwenye sanduku lako la barua. Nimelisoma kila siku."

Wakaipakia meza. Jostein alikohoa akaenda kukaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa.

Watoto wangu wote tisa walikuja, na Lotte akawapeleka kumwona kondoo wa sikio moja. Femke alikuwa amesimama juu ya ngazi mikono imelegea. Nyumba yake ilikuwa inapita mbele yake mikononi mwa watu.

"Mwalimu, hawa wote ni nani?"

"Ni watu wa Lomvik."

"Walikuwa wapi?"

Torgunn alikuwa anapita na viti viwili kichwani. "Leo kuna kazi," akamwambia, kwa wema kabisa, akiona amejibu.

Kufika saa sita mchana lori lilikuwa limejaa, limefungwa kamba kwa kupishana, fundo baada ya fundo, hata likipinduka hakuna kijiko kitakachotoka. Watu wakasimama na vikombe. Ndipo nilipolisema. Sikulipanga.

"Bakini."

Lilitoka kwa nguvu. Kelele zikakatika. Sijawahi kusema neno kama hilo mbele za watu, hata Halvard akiwa anakufa sikulisema. Nikalirudia, sauti ikanipasuka. "Femke, bakini. Si kwa ajili ya shule. Nilikuja kwako siku ile, na chapati. Nilikusikia unalia nikarudi. Nisamehe. Bakini."

Femke aliangalia lori. "Mwalimu, kila kitu kimeshafungwa."

"Kinafunguka," alisema Jostein. Mkono wake ulikuwa juu ya fundo.

Watu thelathini na zaidi, na safari hii hakuna aliyeangalia kikombe. Wote walikuwa wanamwangalia yeye. Wouter naye alikuwa anamwangalia. Niliona kabisa kwamba neno lilimgusa Femke, niliona anavyopepesa macho, na kwa muda kidogo nikawa na watoto kumi na wawili.

"Nilikuwa nawangoja," alisema. "Kila siku nilikuwa nachemsha kahawa ya ziada. Sasa siwezi tena kuanza kungoja. Mkimaliza kazi mtarudi ndani." Akashuka ngazi, akamkumbatia Torgunn, akamkumbatia Jostein aliyesimama wima kama nguzo, akanikumbatia mimi. Alinong'ona kitu kwa Kiholanzi na sikumuuliza ni nini.

Wakaondoka kukiwahi kivuko cha saa saba. Watoto walipunga mikono mpaka kwenye kona.

Hatukutawanyika. Tulibaki uani, mvua ikaanza, hakuna aliyejua aende wapi. Eilert alikuwa bado amevaa glovu za Jostein.

"Kuna kingine cha kufanya?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayeomba.

"Nyumba haijafagiwa," alisema mchungaji.

Basi tukaifagia. Tukapiga deki vyumba vyote, tukafuta madirisha, Torgunn akasugua alama za vidole vya watoto ukutani, ngazi nzima, mpaka juu. Watu walifanya kazi vizuri sana na kimyakimya. Saa tisa nyumba ilikuwa safi kama hakuna aliyewahi kukaa humo, na Jostein akafunga mlango, akampa Eilert ufunguo.

Jumatatu nina watoto tisa.